Hundi Kurudi Bila Kulipwa: Kamati za Sharika Zifahamu Nini?



Katika ziara za ufuatiliaji kwenye sharika za pwani ya Lindi tulikutana na jambo linalohitaji maelezo. Usharika mmoja ulinunua mabati na saruji kwa ajili ya shule ya awali, ukamlipa mwenye duka kwa hundi ya shilingi 1,850,000. Daftari la mhazini lilionyesha salio la shilingi 1,862,000, lakini benki mlikuwa na 1,790,000 tu. Hundi ikarudi. Hakuna aliyeiba: makato ya benki ya shilingi 9,000 kwa mwezi hayakuandikwa daftarini kwa miezi minane. Hata hivyo mwenye duka, jirani Mwislamu aliyetuamini kwa miaka mingi, alizuia mabati yaliyobaki, na mvua zikaanza jengo likiwa halina paa.

Hundi ni nini?

Neno hili si geni pwani. Katika karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa bandari kubwa, wafanyabiashara wa Kihindi wa Bahari ya Hindi walitumia hundi, yaani maandishi ya kumwagiza mtu mwingine alipe fedha. Hundi ya benki ni agizo la namna hiyo. Anayeipokea huipeleka kwenye benki yake, nayo huidai benki yenu. Salio lisipotosha, hundi hurudishwa pamoja na sababu, na kwa kawaida akaunti yenu hukatwa ada. Ndiyo maana watu husema hundi "imedunda".

Kwa nini hudunda?

Mbali na makato yaliyosahauliwa, zipo sababu nyingine tatu:

1. Hundi za zamani ambazo waliopewa hawajazipeleka benki. Salio la benki huonekana kubwa kuliko fedha mliyo nayo kweli.

2. Kuhesabu ahadi kuwa fedha. Barua ya mfadhili kwamba fedha zimetumwa si salio.

3. Mazoea. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, safari ya Kusini ilitegemea pantoni, na wakati wa masika barabara iliweza kukatika. Mtu aliandika hundi leo akijua itachelewa njiani, akatafuta fedha baadaye. Siku hizi benki hupelekeana picha za hundi kwa mtambo, na muda huo wa kutafuta fedha haupo tena.

Sheria inasemaje?

Aliyerudishiwa hundi anaweza kudai fedha yake mahakamani. Ikithibitika kwamba mtu alitoa hundi kwa nia ya kudanganya ili ajipatie mali, hilo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Wenzetu wa Kenya wana kifungu mahsusi, 316A, chenye faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Tufanye nini?

Kabla ya kutia sahihi, mhazini alete salio la benki la siku hiyo, aondoe hundi zote ambazo hazijalipwa pamoja na makato, kisha watia sahihi waone kilichobaki. Usuluhisho wa benki ufanyike kila mwezi na usomwe kwenye kikao. Mtu asitie sahihi hundi tupu, hata kama anasafiri. Wafadhili nao watusaidie kwa kutujulisha fedha ikitumwa, ili kamati ifuatilie benki mpaka iingie.

Malipo ya simu kama M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, yamepunguza tatizo hili, kwa kuwa kwa kawaida huwezi kumtumia mtu fedha usiyokuwa nayo. Lakini sharika nyingi bado hulinda fedha za miradi kwa hundi yenye sahihi zaidi ya moja, na ni vema.

Hundi ikirudi, msijifiche. Mchungaji na mhazini wa usharika ule walikwenda dukani siku ileile, wakaomba radhi, na baada ya wiki moja wakalipa fedha taslimu. Mabati yakatolewa. Lakini mpaka leo mwenye duka hapokei hundi yao. Ahadi ni deni, na hundi ni ahadi ya usharika mzima.