Kutoka Jumba hadi Kumbi: Suala la Istilahi
Mwaka 1963, Stanley Durwood alifungua Parkway Twin katika kituo cha maduka pembezoni mwa Kansas City, Marekani. Kumbi mbili zilihudumiwa na wafanyakazi walewale, hivyo gharama zikapungua. Mwaka 1985 muundo huo ulifika Milton Keynes, Uingereza, kwa kumbi 10. Dallas ikapata kumbi 24 mwaka 1995.

Mabadiliko haya yanaugusa msamiati wetu. Neno 'sinema' hubeba dhana mbili: filamu, na jumba inamoonyeshwa. Jumba lilipokuwa na ukumbi mmoja, utata huo haukudhihirika. Jumba la kumbi nyingi limeudhihirisha. Tunapendekeza basi 'filamu' itaje kazi yenyewe, 'ukumbi' utaje chumba, na 'sinema' ibaki kwa jumba zima.