Sitini au tisini? Chagua hedifoni inayotamka maneno

Na Mwandishi Maalumu, Bwera

SIKU ya gulio pale Mpondwe, ukisimama karibu na mto Lhubiriha unaotutenganisha na Kasindi, ni vigumu kusikia neno moja likafika mwisho. Wabeba mizigo wanapiga kelele wapishwe, boda boda zinapiga honi, spika za wauza dawa na wauza nguo zinashindana. Katikati ya hayo yote utamkuta mfanyabiashara amebana simu sikioni, akijaribu kumsikia mwenzake wa Butembo anayemtajia bei.

"Umesema sitini au tisini?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa mpakani. Sitini na tisini ni maneno yenye irabu zilezile, mkazo uleule na urefu uleule. Kinachoyatofautisha ni herufi mbili tu, s na t, zilizobadilishana nafasi. Herufi hizo zikimezwa, shilingi elfu thelathini kwa kila gunia zimemezwa pamoja nazo.

Mimi swali hilo lilinifikia kwa njia ya ardhi. Ndiyo maana leo, ndugu msomaji, naomba tuzungumze juu ya hedifoni, yaani zile spika za kuvaa masikioni, na namna ya kuchagua zile zinazotoa vizuri sauti ya mtu, awe anaimba au anazungumza.

Kaseti kutoka Beni

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi wa shaba wa Kilembe. Huko chini ya ardhi walikutana watu wa makabila mengi, na Kiswahili kiliwaunganisha. Hata nyumbani, mengine yote aliyasema kwa Kikonzo, lakini kuhesabu alihesabu kwa Kiswahili. Miaka ya mwanzo ya 1980, usalama ulipokuwa mbaya huku milimani, tulivuka mpaka tukaingia Zaire. Mimi nikasomea Beni, kwa Kifaransa na Kiswahili, na niliporudi mwaka 2003 nilikuwa mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza.

Wengi wetu tuliorudi tunazikumbuka barua za kaseti. Barua ya karatasi ilihitaji mtu wa kuiandika na mtu wa kuisoma, na njiani iliweza kufunguliwa na yeyote. Kaseti ilisafiri mfukoni mwa mfanyabiashara kama kaseti nyingine yoyote ya muziki. Mwaka 1991 baba alimtumia mdogo wake aliyebaki Bwera kaseti ya namna hiyo, akamsalimia kila mtu kwa jina, kisha akaeleza mipaka ya shamba letu: kutoka ukingo wa kijito kupanda juu, hatua kadhaa. Miaka mitatu baadaye alifariki dunia, nasi tukamzika hukohuko Beni.

Kwa miaka yote hiyo baba mdogo aliamini kwamba hatua zilizotajwa ni tisini, na kahawa aliipanda hadi hapo. Jirani yetu alisema siku zote ni sitini. Watoto wa pande zote mbili walipokua na kuanza kuulizana mashamba, mambo yakachacha. Ndipo baba mdogo aliponiambia, "Mwalimu, kaseti ipo. Tafuta namna tuisikie vizuri."

Besi ya muuzaji

Nilikwenda gulioni nikanunua hedifoni kubwa kwa shilingi 25,000, zenye nembo ya kampuni maarufu iliyobandikwa kwa gundi. Muuzaji alinivisha, akapiga wimbo wa kuchezesha watu. "Sikia besi hiyo, mwalimu!" akaniambia. Kweli, ngoma ilinigonga hadi kifuani. Nikalipa.

Nyumbani nilizichomeka kwenye redio kaseti. Baba alizungumza kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Salamu nilizisikia kwa kubahatisha. Alipofika kwenye mpaka nikasikia "hatua", halafu kitu kinachoishia na "ini". Nilirudisha nyuma mara kumi. Mara ya kwanza nilisikia tisini, mara ya pili sitini, na mara ya tatu nilisikia nilichokuwa nakitaka. Hapo ndipo nilipoogopa, maana sikio lisilosikia vizuri hujazwa na tamaa ya mwenyewe.

Kwa nini maneno yanamezwa

Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngoma kubwa na gitaa la besi hukaa chini kabisa. Uzito wa sauti ya mtu na irabu zake, yaani a, e, i, o, u, hukaa katikati. Herufi kama s na f ni upepo unaopita kati ya ulimi, meno na midomo, na sehemu kubwa ya upepo huo ipo juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Irabu ndizo zinazobeba nguvu ya sauti, lakini maana ya neno mara nyingi imebebwa na konsonanti.

Sasa, sauti nzito ikiwa kubwa hufunika sauti nyembamba zilizo juu yake. Ni maumbile ya sikio lenyewe. Hivyo hedifoni iliyotengenezwa ili ngoma itikise kichwa humpa msikilizaji raha ya ngoma na kumnyima herufi. Zipo pia zenye kosa la upande wa pili: sauti za juu zimezidishwa, kila s inachoma kama sindano, na mwimbaji anasikika mwembamba kama nzi ndani ya chupa. Inayofaa kwa sauti ya mtu ni ile isiyozidisha chini wala juu, ikaiacha katikati ijitokeze.

Ikumbukwe pia kwamba hedifoni haiwezi kurudisha kile ambacho hakikufika. Simu ya kawaida, kwa utaratibu wa zamani, hubeba mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu kwa sekunde. Upepo wa s na wa f unaachwa nyuma kwa sehemu kubwa, ndiyo maana watu hutajiana majina kwa kutaja herufi mojamoja. Kwa hiyo mfanyabiashara anayepokea bei kwa simu, hata akivaa hedifoni ya gharama gani, aombe bei irudiwe kwa namna nyingine: "sita mara kumi", au aandikiwe ujumbe.

Fundi wa Kasese

Kutoka Bwera hadi Kasese mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 50, unapita Kinyamaseke na Kikorongo. Nilimpelekea fundi wa redio ile kaseti na ile redio. Kabla ya kugusa hedifoni alifungua mlango wa kaseti, akafuta hedi kwa pamba yenye spiriti. Pamba ilitoka ya kahawia. Kisha akachukua bisibisi nyembamba, akaigeuza kidogo skrubu iliyo pembeni mwa hedi huku kaseti inalia. Alinieleza kwamba hedi ikiinama hata kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye redio iliyorekodi, sauti za juu hupotea kwanza.

Baada ya hapo alinipa hedifoni tatu nizijaribu kwa zamu: zangu za gulioni, zile ndogo za kuchomeka masikioni zilizokuja na simu yake, na moja kuukuu aina ya Sony MDR-7506, yenye waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1991, mwaka uleule wa kaseti yetu, na imetumika kwa miaka mingi katika studio za redio na filamu. Zile ndogo za simu, ambazo ningezidharau, zilitamka vizuri kuliko zangu kubwa. Zile za studio zilinipa hata pumzi ya baba kabla ya kuanza sentensi. Muziki wa kucheza ulisikika mkavu kidogo ndani yake, lakini neno lilisimama peke yake.

Sikusema nilichosikia. Niliziazima, nikarudi Bwera.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na yaliyonipata, haya ndiyo ninayomwambia kila anayeniuliza kabla ya kununua.

Kwanza, nenda na sauti unayoijua. Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji. Weka kwenye simu yako sauti ya mama, ya mwenzako wa biashara, au ya kwaya ya kanisa lenu, kisha isikilize humo. Ukihisi huyo si yeye, iache. Kwa wapenda muziki, waimbaji kama Mbilia Bel, aliyetamba miaka ya 1980 pamoja na Tabu Ley na Afrisa, ni kipimo kizuri. Sauti yake inapaswa kusimama mbele na magitaa kumzunguka. Ikirudi nyuma ya besi, tatizo ni hedifoni.

Pili, punguza sauti. Hedifoni mbovu hujificha nyuma ya kelele. Shusha hadi kiwango cha mazungumzo ya chumbani. Kama maneno bado yanaeleweka, umepata kitu.

Tatu, fikiria mahali utakapoitumia. Zilizofunikwa nyuma huzuia kelele za soko, na zile ndogo zenye mpira hufanya kazi hiyohiyo kama mpira unalingana na tundu la sikio lako. Mpira ukilegea, sauti nzito huvuja na mtu husikika mwembamba, kwa hiyo jaribu saizi zote zilizomo kwenye pakiti. Zilizo wazi nyuma hutoa sauti ya asili na zinafaa nyumbani penye utulivu, lakini sokoni hazikusaidii.

Nne, uliza ukinzani wake, unaohesabiwa kwa omu. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997 na kusifiwa sana kwa sauti za waimbaji, ina omu 300. Ukiichomeka kwenye simu ya kawaida italia kwa unyonge. Ile Sony ya fundi ina omu 63, na redio ndogo inaimudu.

Tano, zile za Bluetooth hazina waya wa kukatika, lakini unapopiga simu kwa kipaza sauti chake, nyingi hushusha ubora wa sauti. Usishangae muziki ukawa mtamu na mteja akasikika kama yuko kisimani.

Sita, nembo si ushahidi. Mpakani hapa nembo yoyote inabandikwa juu ya plastiki yoyote. Sikiliza upande wa kushoto na wa kulia, chezesha waya karibu na pini uone kama sauti inakatika, na ufanye hivyo kabla hujalipa. Ukishavuka na mzigo, kurudisha ni safari nyingine.

Masikio hayana vipuri

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na kila sauti inapozidi hapo muda huo hupungua haraka. Kwa watoto kiwango ni desibeli 75. Anayevaa hedifoni isiyotamka vizuri huongeza sauti ili aelewe, na akiwa sokoni huongeza tena ili ashinde kelele. Kinachoharibika kwanza ndani ya sikio ni uwezo wa kusikia sauti za juu, yaani zilezile s na f tunazozitafuta. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili nalo likishakufa, hata hedifoni ya studio haitalifaa.

Barazani

Jumapili moja jioni tulikaa barazani kwa baba mdogo: yeye, jirani, mwenyekiti wa LC1 na mimi. Niliomba jirani aanze. Alivaa, akafumba macho, akasikiliza salamu zote hadi mwisho. Alivua bila kusema neno, akampa mwenyekiti. Mwenyekiti alisikiliza mara mbili. Kisha zikafika kwa baba mdogo.

Alikaa nazo muda mrefu kuliko wote. Alipozivua alisema, "Ni sitini. Kaka amesema sitini."

Kesho yake hatua zilipimwa, na walikubaliana nizihesabu mimi kwa sababu nina miguu ya baba. Hatua thelathini za kahawa zilibaki upande wa pili wa alama. Jirani alimwambia baba mdogo avune msimu ule, ndipo akabidhi. Ugomvi ukaishia hapo, na watoto wao siku hizi wanakwenda shule njia moja.

Hedifoni za gulioni bado ninazo. Wanangu huchezea muziki. Zile za studio nilimrudishia fundi, nikaanza kuweka akiba ninunue zangu. Baba mdogo ameshaniuliza mara mbili zitafika lini. Anataka kuzisikia tena zile salamu.