Mtoto Aliyenyamaza

Akina mama wenzetu, mtoto akinyamaza tusiharakishe kumsifu kwamba ana adabu. Wetu alinyamaza muhula mzima. Shule, tuisheni, kisha geti linafungwa na televisheni inawashwa. Mlima Meru, wenye mita 4,566, aliuona dirishani tu.

Jumamosi moja tulimpeleka Ilboru kwa bibi yake, tukashuka naye mtoni. Hatukumwuliza kitu. Alirusha mawe majini, akachafuka matope, na wakati wa kurudi, katikati ya migomba, akatuambia kwamba wenzake humcheka anaposoma kwa sauti. Na nyumbani tulimhoji mara ngapi, tukimkazia macho!

Mwaka 2019 watafiti wa Denmark, waliochunguza watu zaidi ya 900,000, walieleza kwamba waliokulia penye uoto mchache waliugua zaidi maradhi ya akili baadaye. Hawakusema mti ni dawa. Mtoto asiyelala wala kula apelekwe kwa daktari. Lakini matembezi hayana ada.

Sasa kila Jumamosi tunapanda Ilboru, simu tumeziacha nyumbani. Masika mto ukijaa, tunabaki shambani kwa bibi. Mwalimu wake tumeshamwona.