Jua Uzi wa Zulia Kabla ya Kuteka Maji

Wengi wetu tunaotandika mazulia nyumbani huyafua yote kwa njia moja, yaani ndoo ya maji, sabuni ya unga na brashi ngumu. Mimi nami nilifanya hivyo, na hasara niliyoipata yapata mshahara wa mwezi mzima. Zulia langu lilikuwa la mkonge, na mtoto alimwaga chai juu yake. Tulilitoa uani, tukalimwagia maji, tukalisugua mpaka povu likajaa, kisha tukalianika. Siku ya pili alama ya chai ilikuwa imekwisha, lakini mahali pake palikuwa na baka kubwa la rangi ya hudhurungi, na kingo zimejikunja kama jani kavu. Halikulala tena sakafuni.

Mkonge twaujua sote. Uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na leo wakulima wengi wameupanda kuwa ua wa shamba. Singa zake hunywa maji zikavimba, na zikaukapo hujikaza, tena si kwa kiasi kimoja. Ndiyo sababu zulia hujikunja. Zaidi ya hayo, rangi iliyomo ndani ya singa hupanda juu pamoja na maji, ikabaki pale yalipokaukia. Kwa hiyo zulia la mkonge halifuliwi. Likung'ute, lipige kwa nyuma, ulifagie. Kitu kikimwagika, kandamiza kitambaa kikavu upesi, ukianzia ukingoni kuelekea katikati, wala usisugue. Zulia la juti, uzi ule wa magunia, litunzwe vivyo hivyo.

Basi mtu atajuaje uzi alio nao? Chomoa uzi mmoja kwa nyuma, uushike kwa koleo ndogo juu ya kisahani, mbali na zulia lenyewe, uuwashe. Ukinuka kama nywele zilizoungua, na jivu likavunjika vidoleni, hiyo ni sufu. Ukiwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi, umetoka katika mmea. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu, umetengenezwa kiwandani. Usikiguse kikiwa moto! Jihadhari na zulia linalong'aa kama hariri lakini uzi wake huwaka kama karatasi. Mara nyingi hiyo ni viskosi, ambayo hupoteza nguvu nyingi ikilowa. Hiyo nayo isifuliwe. Pamba huvumilia maji baridi, ila hukawia kukauka.

Sufu ni manyoya ya kondoo, na asili yake ni moja na nywele zetu, basi itunzwe kama nywele. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini hayaidhuru. Maji ya moto pamoja na kusugua huyafanya manyoya yashikamane, zulia likapungua na kuwa gumu. Magadi huila, na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo huiyeyusha kabisa. Mwenye shaka atie uzi mmoja katika kikombe cha dawa hiyo, aungoje. Kwanza kandamiza kitambaa cheupe kilicholowa pembeni, uone kama rangi inatoka. Suuza kwa maji yenye siki kidogo, ukaanike kivulini. Usiharakishe kulirudisha ndani, kwa kuwa sufu huweza kuficha maji yapata theluthi moja ya uzito wake, na mkono usihisi unyevu. Tena ulikung'ute mara kwa mara, maana nondo hupenda kutaga humo.

Nyuzi za kiwandani ndizo rahisi zaidi. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers, huvumilia maji na sabuni, lakini hunasa rangi ya chai upesi, basi usikawie kuifuta. Poliesta na polipropilini hazinywi maji, bali hushika mafuta: ya chakula, na ya nyayo za watu. Maji matupu hayatasaidia hapo. Tumia sabuni ya kuondoa mafuta. Na polipropilini, ambayo mazulia mengi ya bei nafuu yametengenezwa nayo, huyeyuka kwa joto la digrii 160 hivi, basi kaa moja la jiko latosha kuitoboa.

Zulia langu lile la mkonge sikulitupa. Nimekata kipande kilichosalia kizima, nacho sasa kiko mlangoni, na kila jioni mtoto yule hukikung'uta.