Ugonjwa Ukija, Serikali Ikaze Sheria Mpaka Wapi?

Leo tunaeleza neno moja: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia, serikali inaweza kukaza sheria mpaka wapi?

Mwaka 2020, korona ilipofika, kila nchi ilishika njia yake. Kwetu Kongo, Rais Félix Tshisekedi alitangaza hali ya dharura tarehe 24 mwezi wa tatu, na mipaka ikafungwa isipokuwa kwa mizigo. Uganda ilikaza zaidi: ilizuia magari ya abiria, na shule zake hazikufunguliwa zote mpaka mwezi wa kwanza 2022. Tanzania haikufungia watu ndani, lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja iliacha kutangaza hesabu ya wagonjwa. Raia hakujua hatari iko wapi. Kenya ilikataza kutembea usiku. Siku za kwanza tu, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa barazani kwenye ghorofa ya kwao. Sheria ya kulinda uhai ikaondoa uhai. Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba raia radhi kwa ukali uliopita kiasi.

Sasa sikilizeni ya kwetu. Mwezi wa tano mwaka huohuo, watu wa Ituri waliokimbia mapigano walikwama mpakani, huku vita, huku mlango umefungwa. Mwanzo wa mwezi wa saba, Uganda ilifungua njia mbili za Zombo, Guladjo na Mount Zeu, kwa siku chache. Zaidi ya watu 3,000 waliingia, wakapimwa afya na kutengwa kwanza. Mmeona? Ugonjwa unaweza kuzuiwa bila kumrudisha mtu kwenye panga.

Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema hivyohivyo. Kifungu cha 144 kinaipa hali ya dharura siku 30. Kuiongeza ni kazi ya bunge, siku 15 kwa 15. Kifungu cha 61 kinasema kwamba hata wakati huo hakuna ruhusa ya kuua wala kutesa, na mshtakiwa habaki bila kujitetea.

Kwa hiyo wewe chefu, kabla ya kuweka kizuizi barabarani, uliza: Amri imetoka kwa nani? Inaisha lini? Mgonjwa, mama mjamzito na anayekimbia vita watapita wapi? Faini isiyo na karatasi ni unyang'anyi.

Na wewe uliyehama kwako, nawa mikono, usifiche mgonjwa, kubali kupimwa. Usiseme ugonjwa umeletwa na kabila fulani, na usikubali mtu akuambie hivyo. Mwaka 2019, huko Biakato, watumishi waliopigana na Ebola waliuawa usiku. Wagonjwa wakabaki bila msaada. Ugonjwa hauulizi kabila.

Zungumzeni haya leo jioni, chefu na wakimbizi pamoja.