Kupiga Msuli Hadi Alfajiri? Subiri Kwanza!

Tuseme uko Kidato cha Nne, Lingeka kule Meatu. Mtihani wa taifa ni Novemba, na sasa ni Septemba. Jioni umechota maji na kupika, usiku umekesha na daftari na tochi. Asubuhi unasinzia darasani, na ulichosoma hukikumbuki. Je, wewe ni mbumbumbu? Hapana! Kasoro iko kwenye njia uliyotumia.

Mwalimu mzuri wa tuisheni haanzi kwa kukujazia notsi nyingine. Anakupa mtihani wa miaka ya nyuma wa Baraza la Mitihani, unaufanya daftari likiwa limefungwa, kwa muda uleule wa chumba cha mtihani. Kisha mnasahihisha pamoja. Pale unapokosea ndipo mnapoanzia.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari ya kusoma. Baadhi waliisoma tena. Wengine waliifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Lakini baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao asilimia 42. Unaposoma ukurasa mara kumi unadhani umeelewa, kumbe macho yamezoea tu.

Pili, mwalimu huyo hamalizi mada kwa siku moja. Ya leo atakuuliza tena keshokutwa, na tena wiki ijayo.

Tatu, anakuambia ukalale! Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Ukiwa usingizini ndipo ubongo unapotunza ulichosoma.

Huna hela ya tuisheni? Kaeni watatu chini ya mti. Kila mmoja atunge maswali matano, mwulizane bila kuchungulia.

Na tahadhari moja, dada zangu. Mwalimu anayetaka uje peke yako usiku, au anayesema kuhusu malipo "tutaelewana", huyo ana lake jambo. Ondoka, umwambie mama, shangazi au mtu mzima unayemwamini. Tangu mwaka 2016, Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Kosa ni lake, si lako.

Basi, funika daftari, jiulize, kisha ukalale. Kila la heri!