Usanifu Unaomlenga Mtumiaji: Nafasi ya Lugha katika Programu ya Kuagiza Chakula

Kwa istilahi «usanifu unaomlenga mtumiaji» hukusudiwa njia ya kuunda chombo kwa kuanza na mtu atakayekitumia, wala si kwa kuanza na mashine. Miongoni mwa waliouweka msingi wake ni John Gould na Clayton Lewis, ambao mwaka 1985 walieleza kanuni tatu: kuwafahamu watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, kupima kwa majaribio jinsi wanavyokitumia chombo, na kukirekebisha tena na tena. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, kwa watumiaji wa Kiswahili, lugha ni sehemu ya usanifu huo, si pambo linaloongezwa mwishoni.

Programu ya simu ya kuagiza chakula ni mfano mwema, kwa kuwa kosa lake huonekana upesi: chakula hupoa, petroli hupotea bure, na mpishi hukosa malipo. Tena mtumiaji wake si mmoja bali ni watatu. Mteja ana njaa na ana haraka. Mpishi ana mikono yenye mafuta. Mlio wa simu humfaa kuliko maandishi marefu. Mwendesha pikipiki husimama kando ya barabara juani, akatazama skrini kwa nukta chache tu. Herufi kubwa na maneno machache ndiyo yanayomfaa.

Tatizo la kwanza la lugha ni saa. Kwa desturi ya Waswahili, mchana huhesabiwa kuanzia mapambazuko. Saa moja asubuhi ndiyo 7:00 ya hesabu ya kimataifa. Mteja wa Dar es Salaam aliyeagiza chapati za asubuhi akiandikiwa «Chakula kitafika saa 7:30», anaweza kufahamu saa saba na nusu mchana. Mkazi wa Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa, naye, anaweza kuisoma saa hiyohiyo kwa hesabu ya Kifaransa. Sentensi ni moja, maana ni mbili. Dawa yake ni nyepesi: «Kitafika baada ya dakika 25». Pale ambapo saa ni lazima itajwe, sehemu ya siku iandikwe pia, na mtumiaji aachiwe kuchagua hesabu aliyoizoea.

Tatizo la pili ni mahali. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Hata hivyo, mazoea ya kuelekeza kwa alama hayafutiki kwa kibao. Watu husema: «nyuma ya msikiti, mkabala na duka la dawa, geti jekundu». Programu inayodai jina la mtaa na nambari ya nyumba peke yake humnyima mteja lugha yake ya kuelekeza. Inayofaa humwachia nafasi ya kuandika alama hizo, au kuzisema kwa sauti, pamoja na ramani.

Tatizo la tatu ni msamiati. Neno «wasilisha» ni sanifu kabisa, lakini kwenye kitufe huleta utata: je, ni mteja anayetuma maombi yake, au ni mpelekaji anayekabidhi chakula? Mpelekaji akibonyeza kabla ya wakati, mteja huambiwa amekwisha kupokea kile asichokiona. «Tuma oda» na «Nimekabidhi chakula» ni maneno ya kawaida, lakini hayamdanganyi mtu.

Utata wa namna hii haugunduliwi katika kamusi. Hugunduliwa kwa kumpa mtu simu, kumwomba aagize wali na maharagwe, kisha kumtazama kimya bila kumsaidia. Anapositasita, pahali hapo paandikwe; anapokosea, kosa lihesabiwe kuwa la programu. Ndipo neno libadilishwe na jaribio lirudiwe, kwa mpishi na kwa mpelekaji vilevile.

Hivyo, mtaalamu wa Kiswahili hapaswi kuitwa siku ya mwisho ili atafsiri orodha ya maneno yaliyokwisha kuamuliwa. Nafasi yake ni mwanzoni, pamoja na mhandisi, sokoni na jikoni, akisikiliza jinsi watu wanavyotaja saa, mahali na chakula chao.